Kupungua kwa Kimo Uzeeni: Yapi ni ya Kawaida, Yapi ni ya Hatari

Mzee anayevaa kanzu aliyoshonewa miaka 20 iliyopita huweza kushangaa kuona pindo lake linaburuta sakafuni, ilhali suruali yake ya wakati uleule bado inamtosha urefu. Kanzu haikurefuka. Tofauti hiyo inaonesha mahali kimo kinapopotelea: si miguuni, bali katika uti wa mgongo. Mifupa mirefu ya miguu haifupiki kwa sababu ya umri.

Kwa nini uti wa mgongo hufupika?

Kuanzia shingoni hadi kiunoni, uti wa mgongo una pingili 24 zilizopangwa moja juu ya nyingine. Baina yake mna visahani laini vya gegedu, ambavyo kwa pamoja huchukua takriban robo ya urefu wa uti huo. Visahani hivyo hushika maji mengi. Mchana uzito wa mwili huvikamua, na usiku mtu alalapo huyafyonza maji tena. Ndiyo maana kila mmoja wetu ni mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni.

Kadiri umri unavyosonga, visahani hupoteza uwezo wa kushika maji na kuwa vyembamba. Misuli ya mgongo na tumbo nayo hulegea, na mtu huanza kuinama. Kwa sababu hizo, watu wengi hupoteza takriban sentimita 1 kwa kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 40, na zaidi kidogo baada ya miaka 70. Kiasi hicho ni cha kawaida.

Ni wakati gani uzee si sababu pekee?

Mfupa hujengwa na kubomolewa maisha yote. Ubomoaji ukizidi ujenzi, mfupa hubaki na matundu mengi na kuwa dhaifu. Hali hii huitwa osteoporosisi. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hupungua, lakini wanaume pia huipata. Pingili iliyodhoofika huweza kubonyea kwa jambo dogo tu, kama kuinua ndoo ya maji. Mara nyingi mgonjwa hahisi maumivu makali, hivyo yeye na jamaa zake husema, "Ni uzee tu." Wakati huohuo kibiongo huanza kujitokeza, na hatari ya kuvunjika pingili nyingine au nyonga huongezeka.

Mwone daktari iwapo:
- umepungua sentimita 4 au zaidi ukilinganisha na kimo chako cha ujanani;
- umepungua sentimita 2 au zaidi kati ya vipimo viwili vya utu uzima;
- una maumivu ya ghafla ya mgongo, au mgongo umeanza kupinda;
- una maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, kwani kifua kikuu pia hushambulia pingili;
- miguu imekufa ganzi au imepoteza nguvu. Hapo usingoje, nenda hospitali mara moja.

Tahadhari kwa mtumiaji

Hakuna kidonge, mafuta wala mkanda unaorudisha kimo kilichopotea kwa visahani kukauka au pingili kubonyea. Dawa halisi za osteoporosisi zipo, lakini kazi yake ni kupunguza hatari ya kuvunjika mifupa, na hutolewa kwa cheti cha daktari.

Jihadhari hasa na bidhaa za "kurudisha ute wa pingili" zinazoondoa maumivu kwa siku chache. Mwaka 2022 mamlaka ya udhibiti ya Marekani ilitahadharisha umma kuhusu bidhaa za maumivu ya viungo zilizouzwa kama virutubisho, lakini zikabainika kuwa na deksamethazoni ambayo haikutajwa kwenye lebo. Dawa hiyo ni ya jamii ya steroidi, na steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu huidhoofisha mifupa. Mtumiaji hununua nafuu ya leo kwa gharama ya mgongo wake wa kesho. Ikiwa umetumia bidhaa ya aina hiyo kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla. Ichukue pamoja na kifungashio chake umwoneshe daktari.

Unaweza kufanya nini sasa?

Pima kimo chako mara moja kwa mwaka, bila viatu, visigino vikiwa vimegusa ukuta, saa ileile ya siku, na uandike kipimo hicho. Kula vyakula vyenye kalsiamu, kama maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yake. Pata mwanga wa jua ili mwili utengeneze vitamini D. Tembea, panda ngazi, fanya kazi za mikono kwa kadiri ya uwezo wako. Acha sigara na punguza pombe. Kabla ya kununua vidonge vya kalsiamu, mwulize mfamasia kama unavihitaji, hasa ikiwa umewahi kuwa na mawe kwenye figo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika uti wa mgongo, ufa huo huonekana kwanza kwenye futi ya kupimia.