Kodi ya Mapato na Saa za Kazi za Wanandoa

Katika nchi ambazo kiwango cha kodi hupanda kadiri kipato kinavyoongezeka, swali la nani ahesabiwe kuwa mlipakodi, mtu mmoja mmoja au ndoa nzima, lina uzito mkubwa, kwa sababu jibu lake huamua mke au mume atabakiwa na kiasi gani akiongeza saa za kazi. Nchini Tanzania, Lipa Kadri Unavyopata hukatwa katika mshahara wa kila mfanyakazi bila kujali mwenzi wake anapata nini. Ujerumani imeshika njia nyingine.

Mwaka 1957 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi ilibatilisha utaratibu wa kujumlisha mapato ya mume na mke na kuyatoza kana kwamba ni ya mtu mmoja, kwa kuwa uliwabebesha watu mzigo kwa sababu tu ya kuoana. Mwaka uliofuata ukaanza utaratibu wa mgawanyo, unaotumika hadi leo: mapato ya wawili hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, kodi ya nusu hiyo hukokotolewa, kisha kodi hiyo huzidishwa kwa mbili. Wanandoa wenye mapato sawa hawapati unafuu wowote, lakini tofauti kati yao inapokuwa kubwa, unafuu nao huwa mkubwa.

Ugumu hujitokeza pale mwenzi mwenye kipato kidogo, ambaye mara nyingi ni mke, anapotaka kurudi kazini. Ikichukuliwa ndoa ambayo mume ana mapato ya kutozwa kodi ya euro 60,000 kwa mwaka na mke hana kipato, na mke huyo akapata kazi inayomwingizia euro 20,000, basi kwa viwango vya 2025 kodi ya wawili hao hupanda kwa takriban euro 6,000, yaani asilimia 30 ya alichokipata. Angetozwa peke yake, angelipa kama euro 1,640 tu. Sehemu hiyo inayokatwa katika kipato cha nyongeza ndiyo wanauchumi huiita kiwango cha kodi cha pembezoni, na ndiyo mtu huitazama anapopima kama kazi ina faida.

Kodi inapopunguza malipo ya saa moja ya kazi, nguvu mbili huvutana: mtu huona heri saa hiyo aitumie nyumbani, lakini wakati huohuo upungufu wa fedha humsukuma afanye kazi zaidi ili kuziba pengo. Kwa mume aliyekwisha kuajiriwa muda wote, nguvu hizo hukaribia kulingana, na saa zake hubadilika kidogo. Kwa mke mwenye watoto wadogo ya kwanza hushinda kwa urahisi, kwani akienda kazini italazimu kumlipa mtu mwingine alee watoto, na fedha hizo hutoka katika kipato ambacho kodi imekwisha kukimega. Marekani, ambako wanandoa hutozwa pamoja tangu 1948, mageuzi ya 1986 yalishusha kiwango cha juu cha kodi kutoka asilimia 50 hadi 28, na utafiti wa mwanauchumi Nada Eissa ukaonyesha kwamba wake wa wanaume wenye kipato kikubwa waliongeza kazi.

Nchini Ujerumani kuna kishawishi kingine cha kutoongeza saa za kazi, nacho ni ajira ndogo zenye ukomo wa malipo, uliokuwa euro 556 kwa mwezi mwaka 2025. Chini ya ukomo huo mke kwa kawaida hakatwi kodi ya mapato, na hubaki katika bima ya afya ya mumewe bila mchango. Akiuvuka, makato huanza, hivyo wengi hukataa saa za ziada hata mwajiri anapozitoa. Si ajabu kwamba karibu nusu ya wanawake walioajiriwa nchini humo hufanya kazi zisizo za muda wote, ilhali kwa wanaume ni takriban mmoja kati ya wanane.

Uswidi ilianza kumtoza kila mtu peke yake mwaka 1971, na wanawake wengi walioolewa wakaingia katika ajira, ingawa vituo vya kulelea watoto vilivyoenezwa wakati huo navyo vilichangia sana.

Wanaoutetea mgawanyo husema kwamba familia mbili zenye jumla moja ya mapato zinastahili kulipa kodi moja. Hoja hiyo ni nzito, lakini inachukulia kwamba mfuko wa nyumba ni mmoja siku zote, jambo ambalo halipo katika baadhi ya sheria nyingine za Ujerumani: fidia ya kukosa ajira hukokotolewa kwa mshahara wa mtu mwenyewe, na pensheni kwa michango iliyotokana na mshahara huo.