Jina Moja, Elementi Mbili: Tahadhari kwa Wafasiri

Mfasiri wa maandishi ya sayansi huamini kwamba istilahi ya kimataifa ina maana moja popote aikutapo. Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Hata hivyo, zipo istilahi zilizowahi kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na anayezitohoa bila kuangalia mwaka wa maandishi huweza kumpotosha msomaji. Katika makala hii tunakusudia kueleza mfano mmoja, nao ni elementi namba 104.

Elementi hii haichimbwi ardhini. Hutengenezwa na binadamu. Namba 104 ni idadi ya protoni zilizomo katika kiini cha atomi yake. Mwaka 1964 wanasayansi wa Dubna, katika Umoja wa Kisovieti, walitangaza kwamba wameipata kwa kupiga plutoniamu, yenye protoni 94, kwa viini vya neoni, yenye protoni 10. Wakaiita kuchatoviamu, kwa heshima ya Igor Kurchatov. Mwaka 1969 Albert Ghiorso na wenzake wa Berkeley, Marekani, waliunganisha kalifoniamu, yenye protoni 98, na kaboni, yenye protoni 6. Wao wakaiita ruthafodiamu, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand.

Atomi za elementi hii hazidumu. Isotopu iliyopatikana Berkeley ina nusu-uhai wa sekunde nne hadi tano. Istilahi hii nayo yataka uangalifu: nusu-uhai si nusu ya umri wa atomi, bali ni muda ambao nusu ya atomi zilizopo huvunjika. Ukipita muda mwingine kama huo hubaki robo, wala haziishi zote. Hata isotopu za elementi hii zinazodumu zaidi, nusu-uhai wake haufiki saa mbili. Juu ya hayo, wanakemia wameweza kuchunguza atomi zake mojamoja na kuona kwamba zinafanana kitabia na zile za zirkoniamu na hafniamu, zilizo juu yake katika jedwali la elementi.

Ugomvi wa jina ulidumu zaidi kuliko elementi yenyewe. Mwaka 1978 umoja wa kimataifa wa wanakemia ulipendekeza jina la muda lililoundwa kwa tarakimu za namba hiyo, yaani moja, sufuri na nne: unilkwadiamu. Mwaka 1994 umoja huo ukapendekeza 104 iitwe dubniamu, na jina la ruthafodiamu lipewe elementi namba 106. Wamarekani walipinga, kwa kuwa waliogundua 106 walikwisha kuiita siborgiamu, kwa heshima ya Glenn Seaborg. Uamuzi wa mwisho ulitolewa mwaka 1997: 104 ni ruthafodiamu, 105 ni dubniamu, na 106 ni siborgiamu.

Tuone matokeo yake. Katika maandishi ya mwaka 1995 yaliyofuata pendekezo lile, ruthafodiamu ni elementi namba 106, na dubniamu ni 104. Mfasiri akiyatohoa majina hayo kama yalivyo, kila neno litakuwa sahihi kwa tahajia, na maelezo yote yatakuwa ya uongo. Mwanafunzi atakayeyasoma atajibu mtihani kwa sifa za elementi nyingine, wala mwalimu hatajua kosa limetoka wapi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, namba ya elementi iandikwe kila jina linapotajwa kwa mara ya kwanza, kwani namba haikubadilika kamwe. Pili, katika maandishi ya kihistoria jina la zamani lisifutwe. Liachwe, na jina la sasa lielezwe kando yake. Tatu, alama ya kimataifa, ambayo kwa 104 ni Rf, isitoholewe.

Kutohoa sauti ni kazi nyepesi. Wajibu wa mfasiri ni kuhakikisha kwanza kitu kinachotajwa, kisha ndipo akiandikie jina.