Kiungulia Kilichovaa Sura ya Kifafa
Mtoto mchanga ambaye, punde baada ya kunyonya, hupinda shingo upande, akakaza mgongo mithili ya upinde na kukodoa macho, huwatia wazazi hofu ya degedege au kifafa, wala si wa kulaumiwa. Ilhali yamkini asili ya maradhi ni tindikali ya tumboni ipandayo kwenye umio na kuuchoma. Hali hiyo, aliyoieleza Marcel Kinsbourne mwaka 1964, ikapewa jina la Paul Sandifer, tabibu wa mishipa ya fahamu huko London, hutambulikana aghalabu kwa kuandamana na chakula. Kipimo cha umeme wa ubongo hakioneshi dalili ya kifafa. Na video ya simu, kwa maoni yangu, humfaa daktari kuliko simulizi ndefu. Kiungulia kikitibiwa, mipindo nayo kwa kawaida hukoma.