Mtoni, Kapita ni Mwenye Kafi



Mwezi wa saba ukifika, mvua imekatika. Lualaba umeshuka, mawe yametoa vichwa, mchanga wa visiwa unang'aa. Kambini mazungumzo yanaanza: "Jumapili twende kisiwani na watoto, tuchome samaki, tupumzike." Ni wazo zuri. Mtu aliyepasua mwamba juma zima anastahili kuona jua na maji. Lakini usalama haubaki kwenye mlango wa mgodi pamoja na kofia ngumu. Safari ya maji hupangwa nchi kavu, tena siku kadhaa mbele.

Jueni mto wenu

Lualaba si njia moja iliyonyooka. Chini ya Kongolo maji hubanwa katika mlango wa mawe unaoitwa Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu, na kutoka hapo vyombo haviwezi kusafiri mpaka Kasongo. Kati ya Kasongo na Kibombo mto unatulia, na vyombo hupita kwa kilomita 100 hivi. Baada ya Kibombo mawe yanarudi mpaka Kindu. Ndiyo sababu ilijengwa reli ya kutoka Kindu mpaka Kongolo: kuyakwepa maporomoko hayo.

Basi chagueni kisiwa kilicho katika maji matulivu, mbali na maporomoko. Wenzetu wa Kabambare wanaokwenda kutembea Luama wafanye vilevile. Waulizeni wavuvi wa pale pale: mawe yako wapi, kiboko analala wapi, mamba anaota jua wapi. Wakati wa kiangazi mawe yanaonekana, lakini njia ya maji ni nyembamba. Wakati wa mvua njia ni pana, lakini mawe yamejificha.

Fanyeni hesabu ya kurudi

Tuseme wapiga kafi wanakwenda kilomita 6 kwa saa katika maji yaliyosimama, na mto unakimbia kilomita 3 kwa saa. Kushuka kilomita 9 ni saa moja tu. Kupanda kilomita zile zile ni saa tatu, wakati mikono imechoka na watoto wanasinzia. Kwa hiyo, kama maji ya juu ni matulivu, afadhali kupanda asubuhi na kurudi pamoja na mto. Kafi ikivunjika au mota ikizimika, maji yanawasukuma upande wa nyumbani. Na kabla ya saa kumi na moja ya jioni, wote wawe nchi kavu.

Nani anaamuru?

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nayo si jiwe wala mamba.

Chini ya ardhi, kabla ya watu kuingia, mzoefu hugonga dari kwa mtarimbo na kusikiliza sauti. Akisema jiwe limelegea, hata injinia anarudi nyuma. Mtoni, anayesikiliza hivyo ni mwenye kafi.

Mwaka 1876 Stanley aliondoka Nyangwe, hapa kwetu Kasongo, akaufuata mto huu mpaka bahari. Msaidizi wake, Mwingereza Frank Pocock, alikuwa hodari wa kuogelea. Tarehe 3 Juni 1877 walikuwa wamefika mbali sana, kwenye maporomoko yaliyo karibu na mwisho wa mto. Pocock alikuwa na vidonda miguuni, hakutaka kungoja kubebwa. Uledi, nahodha wa mtumbwi, aliyatazama maji akasema hayapitiki. Pocock akawadhihaki kwamba wanaogopa. Wakaingia. Uledi aliokoka, Pocock akafa maji.

Hakufa kwa kutojua kuogelea. Aliyejua maji alikuwa amesema, na mkubwa wake akamziba mdomo.

Sasa wewe kapita, wewe shefu wa timu, wewe uliyetoa pesa ya mtumbwi: umelipa chombo, hukununua ulimi wa mwenye kafi. Mpatane naye mapema, mbele ya wote, kwamba akisema "leo hapana", mtapika pwani na malipo yake yatabaki yale yale. Maana kama akikataa anapoteza pesa, siku moja atanyamaza kwa ajili ya watoto wake, na wa kwako ndio watakaozama.

Kabla ya kupanda

- Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, watoto kwanza, lenye kipimo cha mwili wake.
- Bidoni tupu la lita 20 lililofungwa vizuri huelea na kumsaidia mtu mzima aliyelishika asizame. Chukueni mawili au matatu, lakini msiyahesabu kuwa badala ya jaketi.
- Mtumbwi ukishapakiwa, ubavu wake ubaki juu ya maji kwa shubiri moja au zaidi. Ukipungua, shusheni mizigo. Ikiwa haitoshi, watu washuke.
- Wote wakae chini, katikati. Anayesimama kupiga picha anaweza kupindua jamaa nzima.
- Pombe na lutuku vibaki nyumbani. Mwenye kafi asionje hata tone.
- Mwachieni jirani majina ya wasafiri, kisiwa mnachokwenda na saa ya kurudi.

Mtu akianguka majini

Usimrukie. Mnyoshee kafi, mtupie kamba au bidoni. Ukimtoa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo, unapoteza dakika. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 kinywani. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha pumzi 2, bila kuacha, mpaka apumue au msaada ufike. Na hata akiamka anacheka, mpelekeni dispanseri siku ile ile.

Ndugu, kisiwa hakihami. Jumapili hii mwenye kafi akisema hapana, chomeni samaki wenu pwani, mle na watoto mkiutazama mto. Jumatatu tuhesabiane kazini, wote tumetimia.