Panga lilikuwa la nani? Kihusishi kimoja, maana mbili

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, ambaye pia hutafsiri habari za redio, alinijia ofisini akiwa amenywea. Alikuwa amepokea taarifa ya Kiingereza yenye sentensi hii: "The men attacked a guard with a panga." Naye akaisoma hewani hivi: "Wanaume hao walimshambulia bawabu aliyekuwa na panga."

Kumbe bawabu hakuwa na chochote ila tochi. Panga lilikuwa la washambulizi. Jamaa zake wakapiga simu studioni wakiuliza mbona mgonjwa wao amegeuzwa mhalifu.

"Prof, nilikosea wapi? Hakuna neno nililoruka," akaniuliza.

Ni kweli hakuruka neno. Alichokosa kukiona ni kazi ya kirai kihusishi.

Vihusishi vya Kiingereza ni maneno kama vile "in", "on", "at", "by", "from" na "with". Kihusishi hufuatwa na nomino, kiwakilishi au kitenzi kilichofanywa nomino. Kikiungana na kinachokifuata, tunapata kirai kihusishi: "on the table", "from him", "before eating". Wengi wetu tulikaririshwa orodha hiyo shuleni tukaishia hapo. Swali muhimu zaidi ni hili: kirai hicho kinaeleza nini katika sentensi?

Kinaweza kueleza nomino, na hapo kinafanya kazi ya kivumishi. Katika "The book on the table is mine", kirai "on the table" kinatuambia ni kitabu kipi. Kinaweza pia kueleza kitenzi, na hapo kinafanya kazi ya kielezi. Katika "Put the book on the table", maneno yale yale yanatuambia kitabu kiwekwe wapi. Kiingereza hakibadilishi hata herufi moja. Kiswahili hubadilisha: tunasema "kitabu kilicho mezani ni changu", lakini "weka kitabu mezani".

Sasa turudi kwa bawabu wetu. Kirai "with a panga" kikieleza kitenzi "attacked", basi panga ndilo lililotumika kushambulia. Kikieleza nomino "guard", basi bawabu ndiye aliyelishika. Sentensi ya Kiingereza inaruhusu maana zote mbili, na msomaji huachiwa akisie.

Kiswahili hakimpi mtafsiri nafasi hiyo. "With" moja ya Kiingereza ina visawe kadhaa kwetu. Kifaa hutambulishwa kwa "kwa": walimshambulia kwa panga. Mwandani hutambulishwa kwa "na": alikuja na nduguye. Umiliki huonyeshwa kwa "-enye" au kirejeshi: bawabu mwenye panga, bawabu aliyekuwa na panga. Tena upatanisho wa kisarufi huziba mianya yote, kwa kuwa "mwenye" humrejelea bawabu mmoja na "wenye" huwarejelea wanaume. Kwa hivyo, anayetafsiri sentensi hii lazima aamue nani alikuwa na silaha, apende asipende.

Nilimpa mwanafunzi wangu jaribio moja jepesi. Badala ya nomino, weka kiwakilishi. Ukisema "They attacked him with a panga", kirai kimebaki nje ya "him", kwa hivyo kinaeleza kitenzi. Ukisema tu "They attacked him", huku "him" ikiwa imemeza "a guard with a panga" nzima, kirai kilikuwa sehemu ya nomino. Ikiwa zote mbili zinakubalika, jua kwamba sentensi ina utata. Jaribio hili halitakuambia mwandishi alikusudia nini. Litakuonya tu kwamba kuna njia panda. Ukifika hapo, soma taarifa nzima. Na isipokusaidia, mpigie simu aliyeiandika. Usikisie.

Anayeandika kwa Kiingereza naye ana wajibu wake. Angeandika "Armed with a panga, the men attacked a guard" au "A guard was attacked with a panga", pasingekuwa na mzozo wowote. Mara nyingi dawa ya utata huu ni kukiweka kirai karibu na kile kinachokieleza.

Mwanafunzi wangu alirudi hewani jioni hiyo akasahihisha: "Wanaume hao walimshambulia bawabu kwa panga." Sentensi ikawa fupi kuliko ile ya kwanza, na bawabu akarudishiwa heshima yake. Kwa hivyo, msomaji wangu, utakapokumbana na "with", "on" au "from", usikimbilie kamusi kutafuta kisawe chake. Jiulize kwanza: kirai hiki kinaeleza nini hapa, mtu au tendo?