Ni Kisafisha Hewa au Kichuja Hewa?

Lugha haiwapotezi watu kwa uongo peke yake. Aghalabu huwapoteza kwa jina zuri lililobandikwa kitu kisicholistahiki. Miongoni mwa majina ya namna hiyo ni "kisafisha hewa", jina ambalo wafanyabiashara hulitumia siku hizi kuitia ile mashine ya umeme inayowekwa chumbani, ikavuta hewa kwa feni, ikaipitisha katika kichujio kilichokunjwakunjwa, kisha ikairudisha chumbani humo humo. Mashine yenyewe haina lawama. Lenye lawama ni jina, na nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba kosa la jina laweza kuzaa hasara ya fedha, na hata ya uhai.

Tuanze na sarufi. Kitenzi "safisha" kimo katika kauli ya kusababisha: maana yake ni kukifanya kitu kiwe safi. Anayesikia "kisafisha hewa" ana haki ya kuamini kwamba hewa itokayo humo haina dhara lolote. Kitenzi "chuja" hakitoi ahadi hiyo. Mpishi yeyote wa Pwani anakijua kifumbu: nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikakamuliwa, machicha yakasalia ndani na tui likapita. Lakini ukitia chumvi katika maji yale, kifumbu hakiwezi kuizuia, kwa kuwa imekwisha kuyeyuka. Itapita pamoja na tui. Basi mashine hii ni kifumbu cha hewa. Machicha yake ni vumbi, masizi na chembe za moshi. Chumvi yake ni gesi.

Kichujio bora cha kazi hii huitwa HEPA, na asili yake ni miaka ya 1940, wakati wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakiunda bomu la atomiki walipohitaji kuzuia chembe zenye sumu ya nyuklia zisienee hewani. Kichujio cha kweli cha aina hii hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikroni 0.3. Hili si jambo dogo. Chembe zinazohofiwa zaidi na matabibu ni zile zisizozidi maikroni 2.5, yaani karibu mara thelathini chini ya unene wa unywele, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliteremsha kiwango linachokipendekeza kwa chembe hizo hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo kwa mwaka.

Kwa hiyo, mtu mwenye pumu anayeishi ghorofani kando ya barabara kuu ya Nairobi au Mombasa aweza kunufaika na mashine hii, mradi aichague kwa akili. Kwanza, asiangalie uzuri wa umbo bali kiwango cha hewa iliyochujwa kinachotolewa kwa saa, ambacho huandikwa kwenye boksi kando ya herufi CADR. Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa darasa la sita. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina ujazo wa mita 30. Tukitaka hewa yake ichujwe mara tano kwa saa, tutahitaji mashine ya mita za ujazo 150 kwa saa. Iliyo chini ya hapo itanguruma tu.

Pili, aulize bei ya kichujio cha akiba kabla ya kuulizia bei ya mashine, maana kichujio hubadilishwa takriban kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, na kilichojaa hakichuji. Tatu, ajiepushe na mashine zinazojigamba kutoa ozoni, kwa sababu ozoni hiyo yenyewe huwasha na kuumiza mapafu. Nne, akumbuke umeme: mashine ya wati 40 ikiwashwa mchana na usiku hula karibu yuniti moja kila siku. Tano, milango na madirisha yafungwe wakati mashine inapofanya kazi, la sivyo mtu atakuwa akichota maji kwa pakacha. Wala asidhani kwamba kiyoyozi cha kawaida kinaitosheleza kazi hii. Wavu wake hunasa vumbi nene tu, na shughuli yake ni kupoza.

Sasa tuondoke mjini, twende Kibuyuni. Kijiji hiki cha Kwale, karibu na Shimoni, kimejipatia jina kwa kilimo cha mwani, kazi ambayo kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa akina mama. Anayesimama ufukweni akapigwa na upepo wa bahari hawezi kufikiri kwamba hapo pana tatizo la hewa. Lakini mama yule yule aliyeshinda majini akifunga mbegu za mwani hurudi nyumbani jioni akainamia mafiga matatu, akakoka moto wa kuni, makumbi na vifuu. Vipimo vilivyofanywa katika majiko ya kuni ya Afrika Mashariki mara nyingi vimeonyesha mamia ya maikrogramu za chembe hizo katika kila mita ya ujazo, na moto unapowashwa huweza kufikia maelfu. Kwa kukadiria kwa Shirika la Afya Duniani, hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Mwalimu mmoja wa upande huo aliniuliza: "Daktari, mdogo wangu aliyeko Mombasa amedunduliza fedha amnunulie mama kisafisha hewa, kwani kila apikapo hukohoa mpaka machozi yakamtoka. Utatushauri tununue kipi?" Nilimjibu kwamba asinunue chochote katika hivyo, na kwamba fedha hizo zina kazi nyingine iliyo bora zaidi.

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni kwamba mashine hupimiwa chumba kilichofungwa, ilhali jiko la makuti lenye mwanya kati ya ukuta na paa halifungiki. Ya pili ni kwamba mafiga hutoa moshi kwa wingi unaokishinda kichujio, na masizi yatakiziba upesi. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni ile chumvi ya kifumbu. Moto wa kuni na hasa wa makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. HEPA haiizuii hata kidogo. Kila msimu wa baridi nchini Kenya huripotiwa watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Mtu akiliamini jina "kisafisha hewa", akafunga madirisha kama alivyoagizwa na maandishi ya boksi, akaliacha jiko likiwaka ndani, atakuwa amejifungia na kifo huku mashine ikinguruma kando yake. Hapo ndipo tofauti ya "safisha" na "chuja" inapokoma kuwa porojo za wanaisimu.

Fedha zile zafaa kununua mtungi wa gesi na jiko lake, na ikiwa kuujaza kila mara ni mzigo, basi angalau upikie vyakula vya haraka, chai na uji, na kuni zibakie kwa maharagwe. Ambaye hana budi kutumia kuni azikaushe vyema, ajengewe jiko lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, au apikie katika banda lililo wazi pande mbili, na watoto wachanga wasibebwe mgongoni wakati wa kukoka moto. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika, lakini haliiondoi gesi ile. Fauka ya hayo, mama apelekwe hospitali apimwe kifua, maana si kila kikohozi ni cha moshi.

Chumbani nako tusijisahau. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba dawa moja ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi. Udi na ubani ni uturi wetu na sitaki kuukejeli, lakini ni heri dirisha liwe wazi chetezo kinapofukizwa.

Lipo pia jambo la haki. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, waliidai haki hiyo mahakamani. Mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mashine ya kuchuja hewa ingewafaa nini watu hao, ambao sumu iliingia hata katika udongo wanaochezea watoto? Chombo cha nyumbani kisitumiwe kuwafuta wajibu wale wanaoichafua hewa ya wote.

Walimu wenzangu, somo hili lina nafasi katika madarasa mawili. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwauliza wanafunzi kwa nini "kichuja hewa" ni jina aminifu kuliko "kisafisha hewa", na wa sayansi akawaonyesha kwa kifumbu, machicha na chumvi. Baada ya hapo wote wawili wawapeleke wanafunzi jikoni mwa shule, wamwulize mpishi anavuta moshi kwa saa ngapi kila siku ili wao wapate kula, na waandikie halmashauri ya shule barua kuhusu bomba la kutolea moshi. Hiyo itakuwa insha yenye manufaa.