MTOTO WA MASOMO ANAYEJIKOJOLEA MCHANA



Mtoto wako amekwisha kupata miaka 6 ao 7. Anakwenda masomo, anajua kuandika jina lake, lakini mchana nguo yake inalowana. Wenzake wanamcheka. Nawe unasikia haya, unasema: "Weye mukubwa hivi, ungali unajikojolea!" Pengine unamchapa.

Tunakuomba, acha fimbo. Mtoto huyu si mkaidi wala si mvivu. Fimbo inamfundisha kuficha nguo zilizolowana tu. Haimfundishi kuzuia mkojo.

SABABU GANI ANAJIKOJOLEA?

Mkojo unakusanyika ndani ya kifuko kilicho chini ya kitovu. Jina lake ni kibofu. Kikijaa, mtoto anasikia haja. Lakini akiwa katika mchezo anasema: bado kidogo. Anabana miguu, anachuchumaa juu ya kisigino chake, kisha mkojo unamshinda.

Wengine wanaogopa choo cha masomo: ni kichafu, hakina mlango, ao watoto wakubwa wanawasumbua pale. Wanazuia mkojo tangu asubuhi mpaka wanarudi nyumbani.

Wengine wanapata choo kigumu. Mavi yakijaa tumboni yanasukuma kibofu, nacho kinakosa nafasi.

UFANYE NINI?

1. Umzoeze kwenda choo kwa saa zake: akiamka, mbele ya kwenda masomo, wakati wa mapumziko, akirudi, mangaribi, na mbele ya kulala. Usimuulize, "Unasikia mkojo?" Atajibu, "Hapana." Mwambie tu: "Saa ya choo imefika."

2. Asiharakishe. Amalize mkojo wote. Msichana ashushe nguo ya ndani vizuri, apanue magoti, na ajipanguse toka mbele kwenda nyuma.

3. Usimnyime maji. Mkojo mzito unasumbua kibofu. Umpe maji safi asubuhi na mchana.

4. Umpe papai, maharagwe na mboga za majani, choo chake kiwe laini.

5. Uzungumze na mwalimu kwa siri, amruhusu kutoka kila mara anapoomba. Utie nguo ya pili ndani ya mfuko wake.

6. Akilowana, abadili nguo, mufue pamoja, bila matusi. Akienda choo pasipo kukumbushwa, umsifu mbele ya baba yake.

Usichoke. Majuma mengi yanaweza kupita, hata miezi, mbele hajapona kabisa.

UMLETE KWA MUGANGA KAMA:

– anasikia maumivu akikojoa, ao ana homa;
– mkojo una damu (bilharzia inaweza kuleta hii);
– mkojo unatiririka kidogo kidogo siku nzima;
– miguu yake haina nguvu;
– alikuwa mkavu miezi 6 ao zaidi, na sasa ameanza tena. Pengine ni ugonjwa, pengine ni woga. Umuulize kwa upole, mukiwa wawili tu, kama kuna mtu anayemtesa ao kumgusa vibaya.

Kama anakunywa maji mengi sana, anakojoa sana, na anakonda, usingoje kesho. Inaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Umlete siku ile ile.

Tutapima mkojo wake. Hapa hakuna atakayemcheka, wala kukucheka weye mama yake.